Kitabu cha Mwita Zamu

Nilitaka kuiandika landi ya Muthurwa
ilivyokuwa kabla ya tingatinga.
Nikachukua daftari la mjukuu, kurasa alizozibakiza,
nikaanza na mlango:
kijani, namba arobaini na moja, rangi ya Shirika la Reli.

Kyalo akacheka simuni, kutoka Makindu.
"Kijani ulikuwa wa kina Nyangweso.
Wetu kahawia. Kahawia ya chai ya rangi iliyolala."

Haya. Nikafuta.

Nikaandika mfereji mmoja kwa nyumba kumi na mbili,
ndoo zikipiga foleni usiku kucha badala ya wenyewe,
kila moja na alama yake: kitambaa, msumari, tone la lami,
na ole wake atakayesogeza ndoo ya Mama Nyangweso.
"Mifereji ilikuwa miwili," akasema.
"Mmoja ulikufa mwaka ule wa gharika.
Ndio mwaka uliozaliwa wewe, ungeuonea wapi?"

Nikaandika king'ora cha karakana.
Mama hakuwa na saa. Aliinjika muthokoi kwa king'ora,
akaepua kwa king'ora,
na sikukuu kilipokaa kimya
tulitafuna mahindi magumu kama kokoto
tukamsifu mpishi.
Hapo Kyalo hakubisha.

Kisha nikamwandika Shiundu, mwita zamu,
baiskeli, koti la mvua, taa ya mkononi,
akija usiku wa manane kugonga dirisha
(si mlango, dirisha) kwa kitako cha penseli:
"Musembi! Ya Nanyuki, saa tisa na robo!"
Nasi watoto wanne kwenye mkeka, chini ya kitanda,
tunasikia magoti ya baba yakialika,
buti la kwanza, buti la pili,
kikebe cha chai,
na kile kitabu kirefu cha jalada jeusi
kikipenyezwa dirishani ili atie sahihi
kwamba ameitwa, kwamba ameamka,
kwamba treni ikichelewa, Shiundu hana kosa.

Nikamsomea Kyalo: *Baba alitia sahihi.*

Kimya. Nilidhani salio limekwisha.

"Baba hakutia sahihi," akasema.
"Baba hakujua kalamu. Siku ya kuandikwa kazi
alisema anajua, wakaamini.
Mimi ndiye niliyetia, tangu darasa la tatu.
Yeye anafunga kamba za buti, mimi nasimama juu ya debe,
M kubwa, halafu mawimbi.
Shiundu alikuwa akigeuzia taa ukutani, asione."

Mkeka mmoja. Blanketi moja.
Nami nilidhani anaamka kwenda kukojoa.

Nikakumbuka ripoti yake ya shule:
*mtoto huyu husinzia, ni mvivu.*
Baba alimwamuru aisome mbele yetu sote, kwa sauti,
naye akasoma, neno kwa neno, hakuruka hata moja.
Sisi tulicheka.
Baba aliitazama taa ya chemni
kama mtu anayetafuta kitu ndani yake,
akasema, basi, kaleni.

Juzi nimepita pale.
Nilihesabu hatua tangu ukuta wa reli,
nikaishia kwenye gunia la vitunguu.
Mwuzaji akaniuliza nataka kilo ngapi.
Nikanunua mbili. Ningemwambia nini?

Vile vitabu sijui viliishia wapi,
mchwa, moto, au stoo ambayo ufunguo wake umepotea.
Kama vipo, vimejaa mwandiko wa mtoto
anayeapa, usiku baada ya usiku,
kwamba mtu mzima yuko macho.

"Umeshaandika?" Kyalo akauliza.
Bado, nikamwambia, penseli imekatika.
"Basi ukiichonga, anza na mifereji.
Miwili. Mmoja ulikufa."